Je, Wajua? Kwa Nini Roketi ya Mfano Hutiwa Udongo Puani, Si Mkiani

Fungua sanduku la roketi ya mfano iliyobuniwa kwa sura ya chombo cha angani cha karne zijazo. Utakuta bomba la karatasi ngumu, mabawa ya mbao laini ya balsa, pua ya plastiki, parachuti, na mara nyingi donge la udongo wa kufinyangia. Maelekezo yanataka udongo huo ushindiliwe ndani ya pua. Kwa nini chombo kinachotakiwa kupaa kibebeshwe mzigo, tena kwenye ncha kabisa?

Watu wengi wakiulizwa uzito wa ziada ukae wapi, huonyesha mkiani. Hoja yao inaeleweka: kitu kizito chini hakianguki kirahisi kikiwa kimesimama mezani. Wengine husema afadhali hata injini yenyewe ingekaa juu, mwili wote uning'inie chini yake na kuvutwa na uzito wake ukae wima. Dhana hii ya pili iliwahi kujaribiwa na bingwa. Tarehe 16 Machi 1926, huko Auburn, Massachusetts, Robert Goddard alirusha roketi ya kwanza duniani kutumia mafuta ya kimiminika, na injini yake ilikuwa juu, matangi chini. Ilipaa mita 12 hivi, ikaanguka umbali wa mita 56, safari nzima ikichukua sekunde 2 na nusu. Baadaye Goddard aliihamishia injini mkiani, kwa kuwa kukaa juu hakukuleta uthabiti wowote wa ziada.

Tatizo la dhana hiyo ni kusahau dari. Kitu kinachoning'inia kwa kamba kina mahali pasiposogea panapokishikilia. Kisukume kando, na dari itaendelea kukivuta kuelekea pale pale kilipofungwa, huku uzito ukikivuta chini. Nguvu hizo mbili zikiacha kuwa kwenye mstari mmoja, hukirudisha. Roketi haijafungwa popote. Injini yake imegandishwa mwilini, kwa hiyo mwili ukiinama nyuzi 10, injini nayo imeinama nyuzi 10, na inasukuma huko huko ilikoinamia, iwe juu au chini. Vipi nguvu ya uvutano? Hiyo huvuta kila kipande kwa kadiri ya uzito wake: pua, bomba, mabawa, vyote kwa pamoja. Inaweza kuipinda njia ya roketi, lakini haiwezi kuugeuza mwili wake. Hili ndilo linalonivutia kuliko yote: ondoa hewa, na hakuna kitu chochote kinachoijulisha roketi ya mfano upande wa juu ni upi.

Kinachobaki basi ni hewa.

Roketi ikiwa angani hugeuka kuzunguka nukta moja, kitovu cha uzito, yaani pale inapotulia sawa ukiiegemeza juu ya kidole. Hewa nayo ina nukta yake. Roketi ikipinda kidogo, hewa huigonga ubavuni kila mahali, kwenye pua, kwenye bomba na zaidi kwenye mapezi, yaani mabawa ya mkiani. Misukumo hiyo yote ikijumlishwa, huwa kana kwamba inasukuma mahali pamoja tu. Tupaite kitovu cha hewa.

Mshale huonyesha vizuri nukta hizi mbili zinavyofanya kazi. Kigumba cha chuma kiko mbele, kizito. Manyoya yako nyuma, mepesi lakini mapana. Mshale ukitoka upinde ukiwa umeyumba kidogo, upepo wa mwendo wake hukamata manyoya kwa nguvu kuliko unavyokamata kigumba. Mkia husukumwa ukarudi nyuma ya kichwa, na kichwa kinaendelea mbele kwa kuwa kizito hakisumbuliwi kirahisi. Sasa geuza mpangilio: manyoya mbele, chuma nyuma. Upepo ule ule utakamata manyoya, lakini safari hii yako mbele ya nukta ya kugeukia, kwa hiyo kila msukumo unazidisha kuyumba badala ya kukupunguza. Mshale utapinduka wenyewe hadi chuma kije mbele. Roketi hufuata kanuni hiyo hiyo: kitovu cha uzito lazima kitangulie, kitovu cha hewa kifuate. Wajenzi wengi hutaka nafasi kati yake isipungue kipenyo kimoja cha bomba.

Roketi ya kawaida, bomba jembamba lenye mapezi matatu mkiani, hutimiza sharti hilo bila shida. Ile ya sura ya karne zijazo ndiyo yenye kazi. Ina mabawa madogo karibu na pua, chumba cha rubani kilichochomoza, mizinga ya bandia, injini za uongo ubavuni. Kila pambo la mbele huvuta kitovu cha hewa kuja mbele. Wakati huo huo injini halisi ya baruti, ambayo ni miongoni mwa vitu vizito kuliko vyote, imekaa mkiani na kuvuta kitovu cha uzito kwenda nyuma. Nukta hizo zikikutana au zikipishana, roketi itabiringika hewani huku injini ikiwaka, na hakuna ajuaye itaelekea wapi. Ndiyo maana huwashwa kwa umeme, warushaji wakiwa mita 5 au zaidi.

Hapo ndipo udongo unapookoa chombo. Tuchukue roketi ya gramu 80 pamoja na injini, urefu sentimita 40, inayotulia sawa sentimita 26 kutoka ncha ya pua. Tia gramu 10 za udongo sentimita 3 kutoka ncha, na nukta ya kutulia itasogea mbele hadi karibu sentimita 23.4. Ikiwa kipenyo cha bomba ni sentimita 2.5, umepata kipenyo kizima kwa gramu 10 tu. Gramu hizo hizo zikiwekwa kwenye ncha ya mkia zingeirudisha nukta nyuma hadi sentimita 27.6. Kadiri uzito unavyokaa mbali na kitovu, ndivyo unavyokivuta zaidi, na ndiyo sababu udongo hushindiliwa mbele kadiri pua inavyoruhusu.

Kitovu cha uzito hupatikana kwa kidole au uzi. Cha hewa ni kigumu zaidi. Njia ya zamani ni kukata umbo la roketi kwenye kadibodi na kutafuta linapotulia. Njia hii huchukulia kwamba hewa inapiga ubavu moja kwa moja, kwa hiyo huelekea kuweka nukta mbele kuliko ilivyo katika mruko wa kawaida, na kosa hilo liko upande wa usalama. Mwaka 1966 James na Judith Barrowman waliwapa warusha roketi za mfano milinganyo inayokokotoa nukta hiyo, nayo bado iko ndani ya programu za kompyuta za leo. Lakini milinganyo hiyo ilitungwa kwa pua, bomba na mapezi yaliyopangwa sawasawa, kwa mwendo chini ya kasi ya sauti na kuyumba kudogo. Mapambo ya ajabu ajabu hayamo. Kwa chombo cha namna hiyo, matokeo ya hesabu ni makadirio.

Jaribio la kamba husaidia: funga uzi kwenye kitovu cha uzito, injini ikiwa ndani, izungushe kichwani. Pua ikitangulia, dalili ni njema. Isipotangulia si hukumu ya mwisho, maana hewa ya mzunguko haipigi kama ya mruko ulionyooka, na roketi ndefu huweza kushindwa jaribio hili ilhali zingeruka vizuri.

Udongo ukizidi nao una madhara. Nguvu ya hewa kwenye mapezi hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo nusu ya kasi hutoa robo tu ya nguvu. Roketi nzito mno huachana na fimbo ya kurushia, ile inayoiongoza mwanzoni, ikiwa bado polepole, mapezi yakiwa hayajaanza kufanya kazi ipasavyo. Na nafasi kati ya nukta mbili ikiwa kubwa kupita kiasi, roketi hugeuza pua kuelekea upepo unakotoka badala ya kwenda juu.

Kipimo cha kutegemewa kifanywe baada ya gundi na rangi kukauka, kwa sababu gundi nyingi huishia mkiani kwenye mapezi. Injini mpya iwe ndani, kwani hapo ndipo mkia huwa mzito zaidi. Baruti ikiungua, kitovu cha uzito husogea mbele chenyewe. Na ukibadilisha injini kwa nyingine nzito zaidi, pima upya kabla ya kurusha.