Anga Jeupe, Mkanda Kiunoni

Rada iliyo puani mwa ndege inaona maji, si upepo. Matone ya mvua yakiwepo inayasoma toka mbali, na rubani anayakwepa. Hewa kavu haina cha kusoma. Mimi kazi yangu ni kutabiri hali ya hewa kwa ajili ya safari za ndege, na misukosuko ya anga lisilo na wingu ndiyo inayonipa taabu kuliko radi na mvua zake zote.

Chanzo ni upepo kutolingana mwendo. Kati ya futi 30,000 na 40,000 hupita mikondo mikali ambayo mara nyingi huzidi kilomita 200 kwa saa, ilhali juu au chini yake kidogo tu hewa inakwenda polepole. Tofauti ikizidi, mpaka wa matabaka hayo hujikunja kama mawimbi ya bahari, kisha hupasuka na kuwa vizingia, yaani hewa inayozunguka kama maji ya kizingiani. Vile vidogo sana ndege haivihisi. Vikubwa sana inapanda na kushuka navyo taratibu. Vinavyoitikisa ni vya mita mia moja hadi elfu moja hivi. Milima nayo huzaa mawimbi ya hewa: tarehe 5 Machi 1966 ndege ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, ilivunjika karibu na mlima Fuji, Japani, anga likiwa safi, wakafa wote 124.

Ajali ya namna hiyo ni nadra mno. Mabawa hutakiwa kuhimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa angani, kwa hiyo hofu yangu haiko huko. Iko kwa aliyelegeza mkanda. Ndege ikisukumwa chini upesi kuliko mwili unavyoanguka, kiti kinamkimbia abiria na dari inamjia kichwani. Punde ndege inainuka, naye anabamizwa sakafuni. Desemba 1997, juu ya Pasifiki, abiria wa ndege ya United, shirika la Marekani, iliyotoka Tokyo alifariki hivyo. Wahudumu, kwa kuwa husimama muda mwingi, ndio huumia zaidi.

Na hali inazidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha mwaka 2023 kwamba misukosuko mikali ya aina hii juu ya Atlantiki ya Kaskazini iliongezeka kwa asilimia 55 kati ya 1979 na 2020.

Nafuu ni kwamba tabaka lenye vurugu huwa jembamba, pengine mita mia chache tu. Ndiyo maana ripoti ya rubani aliyetangulia naithamini kuliko ramani zangu: akitaja kimo alichotikiswa, anayemfuata huomba ruhusa ya kushuka futi elfu chache, hata kama huko chini atachoma mafuta zaidi.