Je, wajua kwa nini bakuli jeusi la Raku hubaki na alama ya koleo?

Ukiligeuza polepole bakuli jeusi la chai la Kijapani la aina ya Raku, mara nyingi utaona ubavuni mwake mahali padogo ambapo utando mweusi umekwaruzika. Hapo ndipo koleo la chuma lilipolibana bakuli likitolewa tanurini, likiwa bado jekundu kwa moto.

Mabakuli haya yalianza kufinyangwa mjini Kyoto katika karne ya 16 na fundi Chōjirō, kwa kufuata matakwa ya Sen no Rikyū, bingwa wa adabu za kunywa chai aliyefariki mwaka 1591. Bakuli la Raku halizungushwi kwenye gurudumu la mfinyanzi. Fundi huubapa udongo, akaziinua kingo zake kwa viganja, akauacha unyauke kidogo, kisha akauchonga ndani na nje; ndiyo maana mdomo wake hupanda na kushuka, na ubavu wake ukaenea vizuri mkononi. Bakuli halina mkono wa kushikia, lakini udongo wake wa chembechembe, wenye vitundu vingi vya hewa, hupitisha joto taratibu, hivyo mnywaji hulikumbatia kwa mikono miwili bila kuungua. Ndani, kwenye kitako, huachwa kibonyeo kidogo ambamo matone ya mwisho ya chai hutuama.

Weusi wenyewe hutokana na jiwe la mto Kamo, unaopita mjini humo, lenye madini ya chuma na manganizi. Husagwa, likapakwa tabaka juu ya tabaka, na bakuli likachomwa peke yake katika tanuri dogo la mkaa huku mvukuto ukipulizwa. Utando ukishayeyuka kama kioo, bakuli huvutwa nje papo hapo, nao huganda ghafla ukiwa mweusi. Kama ungeachwa upoe polepole tanurini, ungeelekea rangi ya kahawia. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye ujasiri wa kazi hii, kwa sababu udongo laini usio na vitundu vile ungepasuka kwa mshtuko huo.

Si wote waliovutiwa. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani aliyetumikiwa na Rikyū, hakuupenda weusi huo, ingawa ni juu yake ndipo povu la chai ya kijani, iliyosagwa unga na kupigwa kwa kifagio cha mwanzi, huonekana kwa uwazi zaidi.