Miwani ya uhalisia pepe kwa mtoto anayeogopa sindano: maswali na majibu

Miwani hii ni kitu gani hasa?

Ni kifaa kinachofungwa usoni na kuziba macho yote mawili, ndani yake mna skrini. Mtoto akigeuza kichwa, anachokiona nacho kinageuka, kwa hiyo anahisi yuko mahali pengine kabisa: chini ya bahari, angani au kwenye theluji. Wakati huo muuguzi anatafuta mshipa, anatoa damu au anasafisha kidonda.

Picha zinawezaje kupunguza maumivu?

Maumivu hayaishii kwenye ngozi. Neva hupeleka taarifa, lakini ubongo ndio unaoamua itasikika kwa ukali gani, na mtu hawezi kuzingatia mambo mengi kwa wakati mmoja. Mtoto anayeikodolea macho sindano huku akisubiri imchome, huumia zaidi. Hofu yenyewe huongeza maumivu. Miwani huyavuta macho na mawazo yake mbali na sindano.

Wazo hili lilifanyiwa kazi na watafiti Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kwa wagonjwa walioungua moto. Kusafisha kidonda cha moto ni mateso ambayo hata dawa kali hazimalizi. Basi ukatengenezwa mchezo wa SnowWorld, ambamo mgonjwa anapita kwenye bonde la barafu akirusha matonge ya theluji. Mwaka 2000 walichapisha taarifa ya vijana wawili, wa miaka 16 na 17, ambao maumivu yao yalipungua zaidi wakiwa ndani ya miwani, kwa mchezo mwingine, kuliko walipocheza mchezo wa kawaida wa video. Mwaka 2004, picha za ubongo za watu wazima wenye afya waliojitolea kuguswa na joto linaloumiza zilionyesha kwamba sehemu zinazohusika na maumivu zilitulia walipokuwa kwenye SnowWorld.

Je, imethibitishwa kwa watoto?

Kwa kiasi. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yalikusanya majaribio 17 yenye washiriki 1,008 wa miaka 4 hadi 18. Baadhi yalionyesha nafuu, lakini ushahidi wake ulikuwa dhaifu, kwa sababu mengi yalikuwa madogo na mtoto hawezi kufichwa kwamba amevaa miwani. Kwa maoni yangu inafaa kutumika pale ilipo, ila asiwepo wa kuiuza kama muujiza.

Akivaa, dawa ya maumivu iachwe?

Hapana. Ganzi na dawa za maumivu zibaki palepale. Miwani ni nyongeza tu.

Nani asivae?

Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga, anayetapika au kuona kizunguzungu, mwenye jeraha usoni au maambukizi ya macho. Kwa wadogo sana kifaa ni kizito na hakiwakai vizuri. Umri ambao watengenezaji wameuweka uzingatiwe. Kisafishwe kila kinapotoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Na wapo watoto wanaotaka kuona kila kinachofanyika mwilini mwao. Hao wasilazimishwe.

Zahanati yetu haina kifaa hicho. Tufanyeje?

Hapa ndipo wengi wetu tulipo, na yapo mengi ya kufanya. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo kuhusu maumivu ya chanjo: mzazi awepo, mtoto mchanga anyonye wakati wa sindano au muda mfupi kabla, mdogo apakatwe, aliyezidi miaka 3 akae wima badala ya kulazwa chali, na chanjo inayouma zaidi ichomwe mwisho. Hakuna hata moja linalohitaji umeme. Kwa mkubwa kidogo, mpe mapovu ya sabuni apulize, mwimbieni wimbo anaoupenda, au mpe katuni kwenye simu.

Usimwambie "haiumi". Mwambie itauma kidogo na itapita, naye atakuamini safari ijayo. Na tafadhali, yale maneno ya nyumbani, "usipotulia daktari atakuchoma sindano", tuyaache. Mtoto aliyeyasikia tangu akiwa na miaka miwili anafika kliniki akijua kwamba anaadhibiwa, na hapo muuguzi anapata kazi ya kutuliza hofu tuliyoipanda wenyewe.

Nimshike kwa nguvu akigoma?

Kama si dharura, omba dakika chache. Mpakate uso ukielekea kwako, mkono mmoja tu ukiwa nje kwa ajili ya muuguzi, na uendelee kuzungumza naye kwa sauti ya kawaida mpaka plasta ibandikwe.