Nyonga za mbwa wa kuzalisha: kusoma alama za vyeti

Shikamoo daktari. Nina jike wa German Shepherd anayelinda ghala la korosho hapa Masasi, nataka kumpandisha. Nimeletewa vyeti vya madume watatu kutoka nje. Cha Marekani kinasema nyonga "za kuridhisha", cha Ubelgiji "B", cha Uingereza "12". Yupi bora?

Marahaba. Kwa nyonga peke yake, wote wanakaribiana.

Marekani ni mfumo wa OFA, ulioanza mwaka 1966. Wataalamu watatu husoma picha ya eksirei kila mmoja peke yake, kisha mbwa hupangwa kwenye moja ya madaraja saba. Hapewi cheti cha kudumu kabla ya miezi 24. "Za kuridhisha" ni daraja la tatu, la mwisho kati ya yale yanayohesabiwa kuwa mazima. Ubelgiji hufuata FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa: A ni nyonga nzima, E ni mbovu kabisa.

Uingereza ndiko watu wanakokosea. Kila nyonga hupewa 0 hadi 53, zikijumlishwa ni 0 hadi 106, na namba ndogo ndiyo nzuri. Usisome kama maksi za mtihani! Tena uliza hiyo 12 imetoka wapi. Mwenye 6 na 6 namwamini kuliko mwenye 1 na 11, maana wa pili ana upande mmoja unaoelekea kubaya.

Na mfumo wa PennHIP?

Huu hupima ulegevu wa kiungo. Kwenye picha ya kawaida miguu hunyooshwa nyuma, mfuko wa kiungo ukakaza, na ulegevu ukajificha. PennHIP humlaza mbwa usingizi mzito, hupiga picha tatu, na moja hupigwa mapaja yakiwa yamesukumwa nje ili ionekane kichwa cha paja kinatoka kiasi gani kwenye kikombe chake. Kipimo cha 0.30 kushuka chini ni kizuri. Huweza kufanywa tangu wiki 16, ndiyo maana naupenda kwa mtoto unayetaka kumkuza awe mzazi.

Dume wa jirani yangu hana cheti, lakini anakimbia vizuri.

Mbio hazitoshi, ndugu yangu. Mbwa mwenye nyonga mbovu anaweza kukimbia miaka kadhaa kabla hajaanza kuinuka kwa shida asubuhi au kuruka kwa miguu ya nyuma pamoja kama sungura. Apigwe eksirei kwanza, na jike wako pia. Kabla ya kufunga safari, piga simu kliniki uulize kama wana mashine na dawa ya usingizi.

Wazazi wakiwa wazima, watoto watakuwa salama?

Si wote. Ubovu wa nyonga hubebwa na vinasaba vingi, kwa hiyo ulizia pia ndugu na mababu wa dume. Watoto wakizaliwa, usiwanenepeshe kwa ugali. Uzito wa haraka huumiza nyonga ambayo bado inajengeka.