Maharage si lazima yakutane na posho (ugali wa mahindi) sahani moja

Agiza matoke na maharage kwenye kibanda cha chakula Kampala, useme umeacha nyama, hukosi jirani wa kukuonya: "Bila posho, hayo maharage ni protini nusu."

Wazo hili lilivuma Marekani kuanzia 1971, na mwandishi aliyelieneza alijisahihisha mwenyewe mwaka 1981. Chembe ya ukweli ipo: protini hujengwa kwa asidi amino, na mahindi yana upungufu wa moja yao, lisini, huku maharage yakiwa na kidogo ya nyingine, methionini. Ila mwili huweka akiba ya asidi amino, hausubiri zote zifike kwa tonge moja. Uji wa ulezi wa asubuhi na maharage ya jioni hukutana humo humo.

Mimi ningehofia zaidi matoke matupu: gramu 100 zina takriban gramu 1 tu ya protini, ilhali maharage yaliyopikwa yana kama 8. Yamwagie binyebwa, ule mchuzi mzito wa karanga, hesabu inabadilika (na utamu pia).

Asiyegusa hata maziwa na mayai ana deni jingine: vitamini B12. Mimea haimpi ya kutosha, kwa hiyo anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa.