Mshahara wa Ujerumani kwa hesabu ya Mtwara: kinachobaki mfukoni

Mkataba wa mafunzo ya uuguzi ukifika Masasi au Lindi kutoka Ujerumani, watu huanza kwa kuzidisha. Yuro 1,400 mara sh. 2,900 ni milioni nne na ushee kwa mwezi. Hapo hapo familia inaanza kupanga bati, shamba na ada za wadogo. Kimahesabu jibu ni sahihi, ila haliwasaidii kupanga chochote. Anayetaka kulinganisha maisha ya nchi mbili aachane na tarakimu ya juu ya mkataba, atafute kinachobaki siku ya mwisho wa mwezi, huko na hapa.

Naandika hasa kwa vijana wa kusini, kwa sababu njia ya kwenda Ujerumani kwetu si ngeni. Wabenediktini wa huko walifika Nyangao na Ndanda zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mpaka leo uuguzi na Ujerumani ni mambo yanayotajwa pamoja. Mfano wangu ni Ausbildung, yaani mafunzo ya miaka mitatu ambayo unalipwa huku unasoma. Hospitali za umma mwaka wa kwanza hulipa kama yuro 1,400 kwa mwezi. Baadhi ya taasisi binafsi hulipa pungufu, kwa hiyo weka tarakimu ya mkataba wako. Sh. 2,900 kwa yuro ni kiwango nilichochagua kurahisisha hesabu. Wewe tumia cha siku hiyo.

Makato kwanza. Bima ya afya ni asilimia 14.6 ya mshahara pamoja na nyongeza inayotofautiana kati ya mfuko na mfuko, na mnagawana nusu kwa nusu na mwajiri. Pensheni ni asilimia 18.6, nayo mnagawana. Kuna bima ya kukosa kazi na bima ya matunzo ya uzeeni. Ukijumlisha upande wako unapata kama asilimia 21, yaani karibu yuro 295. Kodi ya mapato kwa kiwango hicho ni sifuri au karibu na sifuri. Unashika yuro 1,105.

Sasa nyumba, na hapa ndipo wengi wanapoumia.

Mtwara umezoea kulipa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, dalali anachukua chake, basi. Umeme unanunua LUKU ukiisha, maji yana bili yake. Ujerumani tangazo la nyumba lina bei mbili. Kaltmiete, kodi baridi, ni ya kuta na paa tu. Warmmiete, kodi moto, imeongezwa makadirio ya joto, maji, taka na usafi wa jengo. Linganisha kodi moto peke yake, kisha uliza kama umeme umo, maana mara nyingi haumo na unasaini mkataba wa peke yake na kampuni ya umeme.

Dhamana inaitwa Kaution. Sheria haimruhusu mwenye nyumba kudai zaidi ya miezi mitatu ya kodi baridi, na inakupa haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, la kwanza unapoingia. Wageni wengi hawaijui haki hii, wanakopa ili walipe yote kwa pamoja. Jambo jingine: nyumba nyingi hupangishwa bila jiko, na bila jiko maana yake hakuna sinki, kabati wala pa kupikia. Kwa mwaka wa kwanza mimi hupendekeza bweni la hospitali au chumba katika nyumba ya kushirikiana. Muulize mwajiri habari za bweni kabla ya kusaini mkataba, kwa sababu baada ya hapo huna nguvu ya kudai.

Yale makadirio ya joto na maji hufanyiwa hesabu kamili mara moja kwa mwaka. Ukitumia zaidi unaletewa deni, ukitumia pungufu unarudishiwa. Mtu aliyetoka Mikindani, ambako shida ni feni siyo baridi, hufungulia hita ya ukutani mpaka namba ya mwisho na kuacha dirisha limelala wazi kidogo mchana kutwa. Joto linapita nje na deni linajikusanya kimya kimya. Mwingine anaogopa gharama, anazima hita kabisa, anafunga madirisha na kuanika nguo chumbani. Unyevu wa nguo, wa kupika na wa pumzi unakwenda kutulia kwenye ukuta wenye baridi, nyuma ya kabati na kwenye kona ya dirisha. Baada ya wiki kadhaa vinatokea vidoa vyeusi vya ukungu, na mwenye nyumba anadai matengenezo kwenye dhamana yako. Njia salama ni kuacha hita kwenye joto la wastani, kisha mara mbili au tatu kwa siku kuizima na kufungua madirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi, halafu kufunga na kuwasha tena. Kabati lisigusane na ukuta wa nje.

Umeme wenyewe pia una bei nyingine. Hapa kwetu mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa sh. 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mteja wa kawaida sh. 292. Ujerumani uniti moja ni senti 35 hadi 40 za yuro, yaani zaidi ya sh. 1,000. Pasi na birika utavitumia kwa adabu.

Kuna pia mchango wa redio na televisheni wa taifa, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, uwe na runinga au usiwe nayo. Barua yake ikija usiitupe, deni linakua. Mkiishi watatu nyumba moja analipa mmoja, wengine mnamrudishia.

Chakula hakitishi kama watu wanavyodhani. Mchele, maharage, dengu, mayai, maziwa na kuku wa barafu unaweza kuvimudu. Nenda maduka ya bei nafuu na ya Waturuki. Ghali ni kung'ang'ania meza ya nyumbani kila siku. Unga wa sembe, muhogo na samaki wakavu wa duka la Waafrika vikiwa chakula cha kila jioni, bajeti inapasuka. Anayejipikia na kubeba chakula kwenda kazini anaweza kukaa kwenye yuro 230 kwa mwezi. Jumapili maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo nunua Jumamosi. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji zina amana ya senti 25 unayorudishiwa dukani.

Tujumlishe kwa mji wa kawaida. Chumba kwa kodi moto 400, tuseme umeme umo. Chakula 230. Tiketi ya mwezi ya treni na basi kwa nchi nzima, 63 tangu Januari 2026. Mchango wa redio 18. Simu 15. Sabuni, dawa na nguo 70. Bima ya kulipia madhara unayomsababishia mtu mwingine 5, na hiyo usiikwepe. Jumla ni 801. Kinabaki yuro 304, kama sh. 880,000. Hamisha hesabu hiyo hiyo Munich, chumba kikiwa 700, kinabaki yuro 4. Ndiyo maana nashauri mji uchaguliwe kabla ya mshahara.

Upande wa Mtwara unahitaji uaminifu zaidi, kwa sababu nusu ya maisha yetu haipiti kwenye pesa taslimu. Anayeishi kwa mjomba Magomeni halipi chumba. Muhogo na mbaazi vinakuja kwa gunia kutoka Newala, embe linaokotwa, bibi analea mtoto. Chukua karatasi, kila kitu usichokilipia andika bei ambayo ungelipa kama ungekinunua. Ukiacha nafasi hizo wazi, Mtwara itaonekana ya bure na Ujerumani ya kifahari, na zote mbili si kweli.

Kisha weka kalenda ya nyumbani ndani ya zile 304. Maombi kutoka kusini hayaji sawasawa mwaka mzima. Januari ni sare na madaftari, pamoja na palizi. Katikati ya mwaka mikorosho inataka salfa, na likizo ya Juni na ya Desemba zina jando na unyago. Oktoba minada ya korosho ikianza, familia inapumua. Anayetuma kiasi kilekile kila mwezi huishiwa Januari. Bora kuwaambia mapema, kwa upole, kiwango cha mwaka na miezi ya kutuma zaidi. Na ukituma usitazame ada peke yake, tazama shilingi ngapi zinaingia kwenye simu ya mama.

Kabla ya kuondoka kuna pasipoti sh. 150,000, viza yuro 75, tafsiri za vyeti, mtihani wa Kijerumani (kwa kawaida ngazi za kati, B1 au B2), na safari za Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 550 kila upande. Ukifika, mshahara wa kwanza huja mwishoni mwa mwezi, wakati dhamana, kodi, shuka na koti la baridi vinadaiwa wiki ya kwanza. Usipande ndege bila yuro 1,500 zako mwenyewe, au ahadi ya maandishi ya mkopo wa mwajiri.

Kuhusu mawakala nasema wazi. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na sheria ya Ujerumani imeacha kazi ya kuajiri wauguzi kutoka nchi hizo mikononi mwa shirika lao la serikali la ajira, Bundesagentur für Arbeit. Wewe mwenyewe unaruhusiwa kuomba moja kwa moja kwa mwajiri. Mtu binafsi anayedai mamilioni ili "akuweke kwenye orodha" usimpe hata nauli.

Ile pensheni unayokatwa nayo ina hesabu yake. Tanzania haina mkataba wa hifadhi ya jamii na Ujerumani, hivyo ukichangia chini ya miezi 60 kisha ukahama Umoja wa Ulaya, unaweza kuomba urudishiwe sehemu yako baada ya miezi 24. Kwa 1,400, asilimia 9.3 kwa miezi 36 ni zaidi ya yuro 4,600. Sehemu ya mwajiri hairudi. Tunza namba yako ya bima, taarifa za kila mwaka za michango na cheti cha kujiondoa kwenye daftari la wakazi, na nakala zake ziwe kwa mtu unayemwamini huku nyumbani.