Dirisha la siri halikufichi kwa programu jirani

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ya HESLB ukifika, steshenari za Mwanjelwa na Kabwe, hapa Mbeya, hujaa vijana wanaojaza fomu kwenye kompyuta ambazo kila mtu anazigusa. Wenye maduka walio makini humfungulia mteja dirisha la siri la kivinjari (incognito), wakiamini wamemaliza kazi. "Fundi, humo hakibaki kitu." Kwa historia ya kivinjari, ni kweli. Lakini mteja akiwa bado anaandika, programu nyingine iliyo kwenye kompyuta hiyo hiyo inaweza kuwa inamtazama.

Dirisha la siri linakidhibiti kivinjari chenyewe tu. Ukilifunga, historia na vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti hutumia kukumbuka kwamba umeingia) vinafutwa, na atakayekaa baada yako hatavikuta. Halikuundwa kukukinga na programu jirani. Kwenye Windows, programu za kawaida zinazoendeshwa chini ya akaunti moja huhesabiwa kuwa za mtu mmoja. Yoyote kati yake inaweza kupiga picha ya skrini, kusoma ulichokopi, hata kunasa vitufe unavyobonyeza, bila kuomba ruhusa. Ni chumba ambacho kila mpangaji ana ufunguo wake. Kompyuta za Apple, tangu toleo la macOS la 2019, humuuliza mwenye mashine kabla programu haijarekodi skrini. Linux inategemea: ukitumia X11, mfumo wa kuonyesha madirisha wa tangu 1987, hali ni ile ile ya Windows; Wayland, mfumo mpya zaidi, ndiyo inayotenganisha madirisha.

Wengi walianza kulisikia suala hili kupitia Recall, huduma ya Windows ambayo Microsoft iliitangaza Mei 2024. Kazi yake ni kupiga picha ya skrini kila baada ya sekunde chache ili baadaye utafute ulichowahi kukiona. Watafiti wakaonyesha kwamba hifadhidata yake ilisomeka kirahisi mno na programu nyingine. Ikaahirishwa, ikarudi Aprili 2025 ikiwa imesimbwa, na lazima uiwashe mwenyewe. Mwezi uliofuata Signal, programu ya kutumiana ujumbe, ikaweka kwenye dirisha lake alama inayotumika kulinda filamu zisinakiliwe, ili picha ya skrini isitoke. Ni mbinu kali, ila ina gharama: inaweza kuvuruga programu zinazowasomea skrini wasioona. Julai 2025 kivinjari cha Brave kikachukua njia nyepesi zaidi, ya kuiambia Windows kwamba kila dirisha lake ni la siri, kwa kuwa Recall imeagizwa kutohifadhi madirisha ya aina hiyo. Mimi naipenda zaidi hiyo ya Brave.

Hata hivyo, Recall si inayoninyima usingizi hapa Mbeya. Inataka mashine mpya yenye RAM ya GB 16 na chipu maalumu ya akili mnemba, na mashine nyingi ninazofungua mezani kwangu ni za mtumba. Ninachokikuta humo ni Office ya kuchakachua, iliyowekwa kwa programu inayokuamuru kwanza uzime antivairasi kisha uipe mamlaka ya msimamizi. Ukishaipa mamlaka hayo, hakuna mpangilio wa kivinjari utakaokuokoa. Nyingine ni programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, iliyoachwa na fundi aliyepita, inayojiwasha kila asubuhi na pasiwedi yake anaijua yeye.

Kwa hiyo mpaka unaofaa kuujenga ni akaunti, wala si dirisha. Wateja wapewe akaunti ya kawaida isiyo na uwezo wa kusakinisha kitu kwa mashine nzima. Ya msimamizi ibaki kwa mwenye duka, na isitumike kuingia mtandaoni. Chrome nayo isasishwe: tangu toleo la 127, Julai 2024, vidakuzi vyake kwenye Windows vimefungwa kwa namna ambayo programu nyingine ya akaunti hiyo hiyo haivifungui kirahisi kama zamani. Wezi wa vidakuzi walishapata njia za kuzunguka, lakini kazi yao imeongezeka.

Kisha kuna kukopi na kupesti, ambako watu hawaangalii kabisa. Firefox iliacha kuruhusu ulichokopi kwenye dirisha la siri kiingie kwenye historia ya ubao wa kunakili ya Windows, yaani orodha ya vilivyokopiwa, kuanzia toleo la 94, Novemba 2021. Lakini namba ya NIDA iliyokopiwa kutoka Word haina kinga hiyo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V kwenye mashine ya dukani. Ukiona namba za wateja wa tangu asubuhi zimepangana, nenda kwenye mipangilio ya ubao wa kunakili, zifute, uzime historia, na uzime pia kule kuzituma kwenye vifaa vingine.